Swichi ya Vitufe Vinne

Mjini Nachingwea, mtaa wa nyuma ya soko, kila mtu alimjua Fundi Jumaa. Ukitaka taa, ulimwita Jumaa. Ukitaka soketi, ulimwita Jumaa. Redio ikikoroma, pasi ikigoma, ulimwita Jumaa. Plaizi, ile koleo ya kukatia nyaya, haikukosekana mfukoni mwake. Alikuwa na msemo mmoja, na aliusema mara kumi kwa siku.

"Waya ni waya tu. Aliyejua waya amejua yote."

Mke wake, Mwantumu, hakuwa na misemo. Alikuwa na kazi. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikigeuza kuwa chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi. Mwaka ule wa 2008 aliongeza na intaneti. Waya wa simu uliingia ndani kutoka kwenye nguzo ya barabarani. Ulifika kwenye kisanduku cheusi kinachoitwa ruta. Kutoka kwenye ruta, waya mwingine ulikwenda ukumbini, kwenye kisanduku cha zamani kinachoitwa habu. Kutoka kwenye habu, nyaya tatu zilitawanyika ndani ya nyumba. Mmoja ulikwenda kwenye kompyuta ya chumba cha mbele. Wa pili ulikwenda kwenye kompyuta ya sebuleni. Wa tatu ulikwenda kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, alikofanyia kazi Jumaa.

Nyaya zote alizitandaza Jumaa mwenyewe. Waya ulipokuwa mfupi aliukata, akauunga na mwingine, akasokota, akafunga tepu nyeusi. Kisha, ili ukuta upendeze, alizifunga nyaya za kompyuta pamoja na nyaya za umeme. Zikawa kitu kimoja kuanzia mbele hadi nyuma.

"Umeona kazi hiyo?" alimwuliza mkewe.

"Nimeona," alisema Mwantumu. "Sasa mbona mtandao unatambaa?"

"Mtandao wa Nachingwea ndivyo ulivyo, mama. Unatoka mbali."

Mwezi wa saba alikuja Zaina. Zaina alikuwa mtoto wa dada yake Mwantumu, kutoka Nandagala, kwa wakulima wa ufuta, wilaya ya Ruangwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri. Alitaka kusomea uuguzi. Chuo alichokitaka kilikuwa mbali sana, mkoa mwingine kabisa. Kilitaka fomu na vyeti vifike kwa barua pepe, kutoka kwenye anwani ya mwombaji mwenyewe. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo, mpaka mwaka mwingine.

Zaina hakusubiri Ijumaa. Jumanne saa tisa alasiri alikaa mbele ya kompyuta ya chumba cha mbele. Fomu na vyeti vyake vilikuwa tayari vimeingizwa humo. Akafungua barua pepe yake. Akaambatisha vyote. Akabonyeza kutuma.

Mstari mdogo wa bluu ulianza kusogea. Ukafika robo, ukasimama. Ukaandika kwamba imeshindikana. Zaina akaanza tena. Ukafika robo, ukasimama. Akaanza mara ya tatu. Nyuma yake wateja walikuwa wanasubiri zamu. Mmoja wao alikuwa Andrea, mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa maneno mengi.

"Binti, unatuma barua au unatuma ng'ombe?" Andrea aliuliza. Watu wakacheka kidogo.

Jumaa alikuwa chumba cha nyuma na rafiki zake wawili. Walikuwa wanatazama filamu ya mapigano. Filamu zote zilihifadhiwa kwenye kompyuta ya sebuleni, na kwa njia ya waya walizitazama chumba cha nyuma. Aliposikia vicheko akatoka. Hakupenda watu wacheke ndani ya nyumba aliyotandaza nyaya kwa mkono wake.

"Kuna nini?"

"Haitumi, baba mdogo," alisema Zaina. "Nimejaribu mara tatu. Nadhani mtandao una shida."

Mtandao una shida! Maneno hayo yalimchoma Jumaa. Watu saba walikuwa wanamtazama. Angeweza kusema, ngoja nitazame. Hakusema hivyo. Alisema hivi:

"Mtandao hauna shida. Shida ni wewe. Unabonyeza hovyo hovyo. Mikono iliyozoea jembe itaijulia wapi kompyuta?"

Andrea akapiga makofi. "Labda alikuwa anakung'uta ufuta humo!"

Chumba kizima kikacheka. Zaina aliitazama mikono yake. Aliitoa juu ya kompyuta polepole, akaiweka mapajani, akaifunika kwa khanga. Kisha alisimama, akapita katikati ya watu, akaingia ndani. Mwantumu alikuwa pale pale kwenye mashine ya kopi. Hakusema neno. Baadaye kimya chake hicho kilimwuma yeye mwenyewe kuliko kicheko cha wale wengine.

Jumatano asubuhi Zaina hakuwepo. Alikuwa amepanda gari la kwanza la kwenda Ruangwa. Alimwachia Mwantumu maneno machache tu: "Mama mdogo, nashukuru. Mimi narudi shambani na mikono yangu."

Mwantumu alimweleza mumewe wakati wa chai.

"Atarudi," alisema Jumaa.

"Atarudi na mikono gani? Ile uliyoitukana?"

"Nilikuwa natania."

"Utani una watani wake, Jumaa. Yule ni mtoto, na mbele ya watu. Ijumaa ikipita, umemlia mwaka mzima wa maisha yake."

Jumaa aliiacha chai. Aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Rafiki zake hawakuwepo asubuhi ile. Alijaribu mwenyewe kutuma barua ndogo. Ikaenda. Akajaribu kutuma picha. Ikaenda kwa shida, kama mzee anayepanda mlima. Moyoni alianza kuhisi kitu ambacho hakukitaka. Labda mtoto alisema kweli.

Akachukua simu, akampigia Tomasi. Tomasi alikuwa rafiki yake wa zamani aliyekuwa anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam.

"Tomasi, mtandao wangu wa ndani ni mzito. Nyaya safi, nimetandaza mwenyewe."

"Katikati umeweka nini?"

"Habu."

"Eh! Habu mpaka leo, fundi? Huo ndio ugonjwa. Toa habu, weka swichi. Umenielewa? Swichi!"

"Nimekuelewa. Swichi mimi nilianza kuzifunga wewe hujui kuvaa kaptura."

Tomasi akacheka. "Sawa, fundi. Ila ujue swichi yenyewe ni ile ya..."

Simu ikakatika.

Jumaa aliitazama simu. Salio lilikuwepo. Kupiga tena ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Lakini apige aseme nini? Fundi umeme wa miaka kumi na nane amwulize mtu, swichi ni nini? Nachingwea nzima ingemcheka. Aliirudisha simu mfukoni.

Kwenye sanduku lake la vifaa alikuwa na swichi nyingi. Alichagua iliyo bora kuliko zote. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, ina vitufe vinne. Aliukata waya wa kompyuta ya chumba cha mbele. Ndani ya waya kulikuwa na nyuzi nane nyembamba za rangi rangi. Nyuzi nane, vitufe vinne. Akazifunga mbili kwa mbili. Habu aliiacha mahali pake. Aliona si vibaya zikisaidiana. Kisha akapiga skrubu, na swichi ikakaa ukutani mahali pa kuonekana na kila anayeingia.

Saa nne wateja walikuja. Jumaa alisimama kando ya swichi kama kiongozi anayezindua daraja.

"Jamani, shida ya mtandao imekwisha. Nimeongea na mtaalamu wa Dar. Kuanzia leo, anayetaka mtandao abonyeze hapa."

Andrea alikuwa wa kwanza. Akabonyeza kitufe kimoja. Akabonyeza cha pili. Akabonyeza vyote vinne. Kwenye kompyuta hapakuwa tena na mtandao wa kasi wala wa polepole. Hapakuwa na mtandao kabisa.

"Fundi," alisema Andrea, "hata taa haijawaka."

"Acha itulie," alisema Jumaa. "Itazoea."

Siku ile watu waliondoka bila huduma. Jioni Jumaa alisikia wanawake bombani wakicheka. Hakujua kama walimcheka yeye. Lakini mtu mwenye aibu huona kila kicheko ni chake.

Alhamisi asubuhi aliingia Mwalimu Felomena. Mwalimu huyu alikuwa mwenyeji wa Bukoba. Alifundisha kompyuta kwenye chuo kimoja pale mjini, na alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Jumaa. Chuo kilikuwa likizo, kwa hiyo alikuja kutuma barua zake kwa Mwantumu. Jumaa hakumpenda sana. Alizoea kusema, "Mwalimu ni wa vitabu. Mimi ni wa plaizi."

Felomena aliketi. Akajaribu kompyuta. Akageuka akatazama ukutani.

"Fundi, hii swichi ni ya taa gani?"

"Si ya taa," alisema Jumaa. "Ni ya mtandao."

Andrea, aliyekuwa anasubiri kopi, alianza kukohoa. Mwalimu Felomena hakucheka. Jumaa angeona nafuu kama angecheka.

"Nani alikwambia uweke swichi?"

"Mtaalamu wa Dar."

"Alikwambia kweli."

Jumaa akainua kichwa.

"Lakini swichi aliyoisema si hii," Felomena aliendelea kwa upole. "Yake ni kisanduku. Ukikiona utadhani ni habu. Kina matundu ya kuchomeka nyaya, na taa ndogo ndogo. Jina ni moja, vitu ni viwili."

Andrea hakuweza kujizuia tena. Alicheka mpaka akashika mlango. Masikio ya Jumaa yaliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na plaizi yake.

"Andrea," alisema Mwantumu, na safari hii hakunyamaza. "Kopi zako hizi. Chukua uende."

Andrea alipoondoka, Felomena alisimama. "Twende tukaione habu."

Walikwenda ukumbini. Taa za habu zilikuwa zinameta haraka haraka, zote kwa pamoja.

"Nani anatumia mtandao sasa hivi?" Felomena aliuliza.

"Hakuna," alisema Mwantumu. "Kompyuta ya mbele imekufa. Sebuleni hakuna mtu."

"Taa zinasema yupo."

Wakasikiliza. Kutoka chumba cha nyuma zilisikika kelele za ngumi na mateke. Rafiki wawili wa Jumaa walikuwa wamekaa humo wanatazama filamu.

"Filamu hiyo iko kwenye kompyuta gani?"

"Ya sebuleni," Jumaa alijibu. "Wao wanaivuta kwa waya."

"Waambie waisimamishe kidogo."

Jumaa akaenda. Ngumi zikanyamaza. Na taa za habu nazo zikatulia. Zikawa zinameta moja moja, taratibu.

"Umeona?" alisema Felomena. "Habu haimjui mtu kwa jina. Ni kama mpiga mbiu. Chochote inachopewa, inakitangaza nyumba nzima. Filamu inakwenda chumba cha nyuma, lakini habu inaipeleka na chumba cha mbele. Kompyuta ya mbele inapokea, inaona si yake, inatupa. Halafu kuna jambo baya zaidi. Kompyuta moja ikisema, nyingine zote lazima zinyamaze. Zikisema mbili kwa pamoja, maneno yanagongana na kuharibika. Inabidi zote zinyamaze, halafu zianze upya."

"Na swichi?" aliuliza Mwantumu.

"Swichi inawajua. Inajua kompyuta ya mbele iko tundu hili, ya nyuma iko tundu lile. Ni kama mimi ninaporudisha madaftari darasani. Siyatupi katikati ya chumba wanafunzi wagombanie. Kila daftari naliweka kwenye dawati la mwenyewe. Filamu itakwenda chumba cha nyuma peke yake. Wakati huo huo, barua ya mteja itatoka chumba cha mbele kwenda kwenye ruta, na hazitagongana."

Jumaa aliinama akazitazama taa za habu. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Mwalimu. Mtu akiwa anatazama filamu kule nyuma, saa ile ile mwingine anatuma vyeti huku mbele. Inakuwaje?"

"Kwa habu hii? Na waya ulioungwa kwa tepu namna hii? Vyeti vinaanza, vinagongwa, vinaanza tena. Mwisho vinashindwa."

Mwantumu akamgeukia mumewe. Wote wawili walikumbuka Jumanne saa tisa. Walikumbuka filamu iliyokuwa inaendelea. Jumaa alipotoka kwenda kumtukana mtoto, hakuisimamisha hata filamu yenyewe. Mikono ya Zaina haikuwa na kosa lolote. Mikono yenye kosa ilikuwa hii hapa, imeshika plaizi.

Jumaa aliketi juu ya sanduku lake la vifaa. Alifunika uso.

"Nilimtukana mtoto wa watu," alisema. "Kwa kosa langu."

Felomena alimsogelea. Kisha akasema, "Fundi, leo ni Alhamisi. Kesho saa kumi bado haijafika. Unataka kulia au unataka kufunga swichi?"

Jumaa aliinuka. "Nifundishe."

Neno hilo Mwantumu hakuwahi kulisikia kwa mumewe tangu waoane.

Felomena alichukua kipande cha waya uliokatwa. "Tazama ndani. Nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Msokoto huu si urembo. Unazuia kelele za umeme zisiingie. Ukiufumua na kuunga kwa tepu, umefungulia kelele mlango. Ukizifunga nyuzi pamoja kama ulivyofanya kwenye vitufe, umechanganya maneno yote. Na ukiulaza waya huu juu ya waya wa umeme, ni kama kumlaza mtoto mchanga kando ya mashine ya kusaga. Atasikia nini?"

"Kumbe waya ni waya tu?" alisema Mwantumu kutoka pembeni.

"Nimekoma, mke wangu," alisema Jumaa. "Waya si waya tu."

"Kwa hiyo," Felomena aliendelea, "waya wa kompyuta utoke kwenye kisanduku mpaka kwenye kompyuta bila kuungwa. Ukiwa mfupi, nunua mrefu. Usizidi mita mia moja, na nyumba hii haina hata thelathini. Upitishe mbali na umeme. Ikibidi ukutane na waya wa umeme, upite juu yake kwa kukingama, kama barabara mbili kwenye njia panda, usilale nao."

"Na ruta? Tuitupe?"

"Hapana! Ruta ni mlango wa nyumba. Yenyewe ndiyo inayopeleka barua nje na kupokea zinazokuja. Iache. Waya mmoja utoke kwenye ruta uingie kwenye swichi. Kutoka kwenye swichi nyaya ziende kwenye kompyuta. Basi. Ila nikwambie mapema, usije ukailaumu swichi. Njia inayokuja kutoka nje itabaki na upana wake ule ule. Swichi haiwezi kuipanua. Kazi yake ni kuondoa msongamano ndani ya nyumba, ili njia hiyo ya nje muitumie yote."

Swichi ya namna ile haikupatikana Nachingwea. Felomena alijua duka moja Masasi. Aliandika kwenye karatasi: swichi ya mtandao, matundu matano, kasi ya megabiti mia moja kwa sekunde, nyaya nne zenye vichwa vyake kutoka kiwandani. Jumaa alitaka kuitia karatasi mfukoni.

"Isome kwanza," alisema Felomena. "Kwa sauti."

Akaisoma. Mbele ya mkewe, kama mtoto wa darasa la pili. Akaondoka na pikipiki yake.

Dukani Masasi muuzaji alimpa kisanduku. Jumaa angeweza kukichukua na kwenda zake. Lakini alisimama akauliza.

"Samahani, kijana. Hii ni swichi kweli, si habu?"

"Ni swichi, mzee."

"Nitaijuaje?"

Kijana akamwonyesha maandishi kwenye boksi. Hakumcheka. Jumaa alishangaa. Kuuliza kulichukua muda wa kunywa glasi ya maji, na hakufa.

Kabla ya jua kuzama alikuwa nyumbani. Felomena alisimama kando, mikono nyuma, na Jumaa akafanya kazi mwenyewe. Alizing'oa nyaya zenye tepu. Akatandaza mpya upande mwingine wa ukuta. Akaitoa habu. Alipouchomeka waya wa mwisho, taa za swichi ziliwaka, kila moja kwa wakati wake. Rafiki zake waliwasha filamu chumba cha nyuma. Mwantumu alituma picha kutoka chumba cha mbele. Mstari wa bluu ulitembea. Haukuruka, kwa sababu njia ya nje ilikuwa ile ile. Lakini ulitembea bila kusimama hata mara moja, na ukafika mwisho.

"Imekwenda," alisema Mwantumu.

"Bado," alisema Jumaa. "Kazi yenyewe iko Nandagala."

Ijumaa alfajiri aliwasha pikipiki. Njia ya Ruangwa ilikuwa na vumbi hadi magotini. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na kila aliyoyapanga yalikuwa na visingizio. Alipofika Nandagala aliyatupa yote.

Familia ilikuwa uwanjani, inakung'uta ufuta. Zaina alishika mganda, akaugeuza juu ya turubai, akaupiga kidogo kwa fimbo. Mbegu zilimwagika kama mvua. Hata moja haikutoka nje. Baba yake, Mzee Mbaruku, alimwona Jumaa. Wao wawili walikuwa wanyumba, maana walioa dada wawili, na walizoea kutaniana. Leo Mbaruku hakutania.

"Karibu, mwanyumba," alisema. "Umekuja kutazama mikono ya jembe?"

Jumaa alivua kofia. "Nimekuja kuiomba radhi."

Wakaendelea kukung'uta ufuta. Jumaa hakujua akae au asimame. Akainama, akachukua mganda mmoja wa ufuta ili asaidie. Akaugeuza. Nusu ya mbegu ilimwagika mchangani.

Zaina alimtazama. Kisha akasema taratibu, "Mikono iliyozoea plaizi itaujulia wapi ufuta?"

Mzee Mbaruku alijaribu kukaza uso. Akashindwa. Uwanja mzima ukacheka, na Jumaa akasimama katikati ya kicheko hicho akakipokea chote. Aliona kuwa ni haki yake.

"Zaina," alisema. "Jumanne ulisema mtandao una shida. Ulisema kweli. Mimi nilikuwa natazama filamu kule nyuma, na filamu yangu ndiyo iliyozuia vyeti vyako. Na nyaya nilizifunga vibaya. Mikono yako haikukosea. Nisamehe."

Zaina alikung'uta vumbi kwenye khanga. "Nimekusamehe, baba mdogo. Lakini hapa hakuna aliyenicheka. Walionicheka wako Nachingwea."

"Nimekuelewa."

"Utawaambia?"

Jambo hilo lilikuwa zito kuliko safari yote. Jumaa alitazama chini. Tusi la hadharani halifutwi nyuma ya nyumba. Alilijua hilo tangu utoto.

"Nitawaambia," alisema.

Walifika Nachingwea saa nane na nusu mchana, wameliwa na vumbi. Chumba cha mbele kilijaa. Habari kwamba mtandao umepona ilikuwa imeshazunguka sokoni. Andrea naye alikuwepo. Jumaa alisimama pale pale aliposimama Jumanne.

"Jamani, nisikilizeni," alisema. "Jumanne niliwaambia mikono ya huyu binti haijui kompyuta. Mkacheka. Mlicheka mikono isiyo na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nyuma natazama filamu, nimeziba njia. Nyaya nilizifunga kijinga. Na hii ya ukutani mnaiona? Niliambiwa swichi, nikaona aibu kuuliza swichi gani. Kama mnataka kucheka, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Andrea alikuna kichwa. "Na mimi nilisema la ufuta," alisema. "Binti, nisamehe. Na zamu yangu, kaa wewe."

Zaina akaketi. Mikono yake ilikuwa na vumbi la ufuta bado. Hakuificha. Akafungua barua pepe, akaandika neno lake la siri, akaambatisha fomu na vyeti. Chumba chote kilitazama mstari wa bluu. Ukafika robo. Mwantumu alishika mdomo. Mstari ukapita robo. Ukapita nusu. Ukaenda mpaka mwisho, ukaandika: Imetumwa.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Kabla ya saa kumi chuo kilijibu kwamba fomu imepokelewa.

Mwezi wa tisa Zaina aliitwa chuoni. Mwantumu sasa aliongeza kompyuta ya nne kwenye tundu la mwisho la swichi, na wateja hawakugombana tena. Jumaa naye alipata kazi mpya. Watu waliokuwa na kompyuta mbili tatu walimwita awatandazie nyaya. Kila nyumba alianza kwa kuuliza maswali mengi, mpaka wengine walimwona mgeni wa kazi. Asipojua jambo, alipiga hodi nyumba ya tatu, kwa Mwalimu Felomena.

Siku moja ilikuja barua pepe kutoka kwa Zaina. Ndani yake kulikuwa na mistari miwili tu:

Swichi zina jina moja, kazi zao mbalimbali;
Kuuliza si kioja, huzuia haya kali.

Mwantumu aliichapa kwa herufi kubwa. Akaibandika ukutani, chini ya swichi ya taa. Maana swichi ile ya vitufe vinne ilikuwa bado pale pale. Haikuwasha kitu, haikuzima kitu. Mkewe alimwambia mara nyingi aing'oe. Jumaa alikataa.

Wageni wakiingia, huiona, huibonyeza, hutazama darini.

"Fundi, swichi hii ni ya taa gani?"

"Si ya taa," Jumaa hujibu. "Hiyo ni ya kuzima kiburi changu."

"Mbona vitufe vinne?"

"Kilikuwa kikubwa, ndugu yangu. Kitufe kimoja kisingetosha."